Moto Uliohamishwa: Meko, Mawe na Nyumba za Ukambani

Ramani za nyumba zinazochorwa siku hizi kwa wateja wa Kitui na Makueni zinafanana. Sebule inaelekea ukuta wa televisheni. Chumba kikubwa cha kulala kina bafu lake. Jikoni kuna sinki, kabati na kona ya mtungi wa gesi. Familia ikishahamia, haupiti msimu mmoja wa mvua kabla ya kibanda kuota nyuma ya nyumba: mabati makuukuu, nguzo za miti, mlango usio na kitasa, na mara nyingi hakuna dirisha. Humo ndimo isyo, chakula cha mahindi na maharagwe, inamochemka tangu asubuhi, ndimo maji ya kuoga yanamopashwa moto, na ndimo mama wa nyumba anamoshinda. Kibanda hicho hakimo kwenye ramani, hakikupitishwa na ofisi ya kaunti wala kupigiwa hesabu ya saruji. Lakini ndicho chumba kinachofanya kazi kuliko vyote.

Watu wakiulizwa sababu hutaja umaskini, au mazoea, au bei ya gesi. Yote yana ukweli. Lipo hata hivyo jambo ambalo mijadala ya nishati imelipita pembeni kwa miaka arobaini. Tumejadili kinachowaka, yaani kuni, makaa au gesi, na tumejadili chombo kinachowakia. Hatujauliza vya kutosha moto ukae wapi ndani ya nyumba, na uzungukwe na nini. Moto ulihamishwa kutoka katikati ya nyumba ya Mkamba ukapelekwa nyuma yake, na aliyeutunza akahamishwa nao.

Nyumba ya kale, musonge, ilikuwa ya duara, fito zake zimefungwa na kuezekwa nyasi. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa miongoni mwa Wakamba mwanzoni mwa miaka ya 1910 na ambaye kitabu chake The Akamba in British East Africa kilitoka mwaka 1920, ameacha maelezo mapana ya maisha ya nyumbani ya wakati huo. Kila mke alikuwa na nyumba yake, na kila nyumba ilikuwa na mafiga yake matatu. Mafiga hayo hayakuwa kifaa cha kupikia tu. Yalikuwa taa usiku, yalikuwa joto la mwezi wa Julai, na ndiyo yaliyopanga vitu vingine vyote: kitanda kiwe upande gani, mitungi ya maji iwe wapi, mbuzi wadogo walale wapi. Nje, karibu na lango la boma, palikuwa na thome, mahali pa wanaume. Hapo pia paliwashwa moto jioni. Wazee walisikiliza kesi na vijana walijifunza ukoo wao na mipaka ya mashamba.

Hivyo boma moja lilikuwa na moto wa aina mbili, wa ndani na wa nje, na wote ulikuwa na hadhi. Thome ilififia shule, kanisa na kazi za mshahara zilipowaondoa vijana jioni. Moto wa ndani ulidumu zaidi kwa sababu hakuna aliyeweza kuishi bila kula. Ulichopoteza ni nafasi yake.

Tusiupambe moshi wa zamani. Uliwasha macho, uliwapa watoto kikohozi, na nyasi kavu juu ya moto ulio wazi ziliteketeza nyumba nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni, na wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto wadogo wanaokaa karibu na moto. Hata hivyo moshi huo ulikuwa na kazi. Ulipenya kwenye nyasi na kuwafukuza wadudu waliotafuna fito. Ulikausha mahindi na mbegu zilizotundikwa juu ya meko. Dari hilo la moshi lilikuwa ghala.

Moto ulipotoka, ghala likabaki bila mlinzi. Mahindi yakaingizwa kwenye magunia na magunia yakapangwa sakafuni, ndani ya chumba cha kulala kwa kuhofia wezi. Kisha katika miaka ya 1980 akaja dumuzi, mdudu kutoka Amerika ya Kati anayegeuza punje kuwa unga, ambaye wakulima wengi wa Kenya walikuja kumwita Osama. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi mengi yenye sumu yalikuwa yamelimwa nyumbani na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Sidai kwamba mafiga yangewaokoa wote. Mvua iliyonyesha vibaya na njaa iliyowalazimu watu kuvuna mapema zilichangia sana. Ninachosema ni kwamba tulipouondoa moto ndani ya nyumba hatukuondoa upishi peke yake. Tuliondoa kikaushio, na hatukuweka kingine mahali pake.

Ulitokaje? Hakuna sheria iliyopitishwa siku moja. Misheni zilileta nyumba ya pembe nne. Walutheri wa Leipzig walikuwa Ikutha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifika Nzaui mwaka 1895, akafariki mwaka uliofuata. Nyumba ya mwalimu, ya mhubiri na ya chifu ikawa mfano wa kuigwa: kuta zilizonyooka, vyumba, madirisha, na baadaye mabati. Mabati hayapitishi moshi kama nyasi. Washa mafiga chini ya mabati ndani ya chumba chenye madirisha madogo, na kwa dakika chache huoni ukuta wa pili. Aidha, kuta zilizopakwa chokaa na viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono haviwezi kukaa na masizi. Basi moto ukasogezwa nje, na hatua hiyo ikaitwa usafi. Wajenzi walichukua paa jipya kutoka kwa Wazungu wakaacha kitu kimoja ambacho nyumba ya Wazungu haikuwahi kukikosa katika nchi yao ya baridi: dohani.

Hapa inafaa tuvuke bahari kidogo, maana huko moto ulipata bahati tofauti. Katika nyumba za Uingereza za karne ya 19 meko ya sebuleni ndiyo yaliyokuwa uso wa chumba. Viti vilielekezwa hapo, na juu yake paliwekwa saa na picha za ukoo. Fremu ya kuyazunguka ilikuwa ya jiwe, na tajiri alitumia marumaru. Wa kipato cha kati alitumia sleti, jiwe lile jeusi lenye rangi ya mvua ambalo wasomaji wenye umri mkubwa wanalijua kama kibao cha kuandikia darasa la kwanza. Sleti ilitoka Wales, katika machimbo kama Penrhyn na Dinorwic. Hupasuka katika mabamba yaliyonyooka, hainywi maji, inastahimili joto. George Eugene Magnus alipata hataza mwaka 1840 ya kuipaka sleti rangi na kuioka hadi ionekane kama marumaru, na bidhaa zake zilikuwa miongoni mwa zilizotazamwa katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Nyumba za makarani na wenye maduka zikajaa meko ya sleti yaliyochorwa mishipa ya marumaru.

Ukiziangalia fremu hizo leo, jinsi kona zilivyokatwa kwa usahihi na jinsi rangi zilivyodumu miaka 150, unaona gharama na akili iliyowekwa mahali pa moto. Fundi alijua moshi utaenda wapi, majivu yataangukia wapi, cheche itaishia wapi. Bamba la jiwe liliwekwa sakafuni mbele ya moto ili kaa likiruka lisiguse mbao. Hii ni heshima inayopimika kwa sentimita.

Nako pia moto ulifikia mwisho wake. Mnamo Desemba 1952 ukungu wa moshi ulilifunika jiji la London kwa siku tano na kuua maelfu. Sheria ya Hewa Safi ikapitishwa mwaka 1956, mabomba ya kupasha nyumba joto yakaenea, na meko yakazibwa kwa mbao au kung'olewa. Dinorwic ilifungwa mwaka 1969. Sasa fremu za zamani zinanunuliwa na wapenda mapambo, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza mandhari ya sleti ya kaskazini magharibi mwa Wales katika Urithi wa Dunia. Meko yaligeuka pambo baada ya moto kuondoka. Kwetu moto haujaondoka, lakini hata pambo haukupata.

Walowezi walileta desturi hiyo Kenya, lakini waliipanda nyanda za juu. Nyumba ya Karen Blixen chini ya Ngong, iliyojengwa mwaka 1912, na kasri la Lord Egerton huko Njoro ni za hali ya hewa ya kuwasha magogo jioni. Sehemu kubwa ya Ukambani haikuwa ya makazi yao. Mji wa Kitui upo kwenye takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Wote hali kadhalika, na joto la mwezi Februari halimwachii mtu hamu ya kukaa karibu na moto. Ni milimani tu, Mbooni na Kilungu, ambako ukungu wa Juni na Julai unamfanya mzee avae koti zito hadi saa nne asubuhi. Kwa hiyo atakayetafuta meko ya kale ya sleti katika kaunti hizi mbili hatapata kitu cha kumshughulisha. Swali lake linafaa kuulizwa vingine: jiwe gani la hapa linafaa kuuzunguka moto wa hapa?

Jibu limo ardhini. Mawe ya msingi ya Ukambani ni sehemu ya kile wanajiolojia wanachokiita Ukanda wa Msumbiji, mizizi ya milima iliyochakaa, yenye umri unaopita miaka milioni 500. Sleti ni tope la kale lililoshindiliwa na kupashwa joto kiasi. Likiendelea kuzamishwa na kupikwa zaidi linakuwa shisti, yenye vigae vya mika vinavyong'aa kwenye mchanga wa mito yetu, na likizidi hapo jiwe linafikia hali ya naisi, lile lenye mistari myeupe na myeusi linaloonekana kila barabara inapochongwa kilimani. Tope la Ukambani lilipita hatua ya sleti zamani mno. Likaiva kupita kiasi, kama mtu angesema. Ndiyo maana hakuna machimbo ya sleti Mutito wala Nzaui, na majabali kama Nzambani ni ya mawe magumu yasiyopasuka kwa mabamba.

Naisi ni nzuri kwa msingi wa nyumba na kwa kuta. Karibu na miali ya moto ni jambo jingine. Ina kwatsi nyingi, madini meupe yanayofanana na kioo, na kwatsi ikifikia nyuzi joto 573 za selisiasi hubadili umbo na kutanuka ghafla. Moto wa kuni kavu unaweza kuzipita nyuzi hizo. Jiwe hupata nyufa, na siku moja hubanduka kipande. Kina mama wa Ukambani hawakuhitaji kipimajoto kulijua hili. Wanajua kwamba jiwe la mtoni halifai kuwa figa, kwa kuwa maji yaliyojificha ndani yake yanageuka mvuke na kulipasua, na wanajua mlima upi unatoa mafiga yanayodumu. Maarifa hayo hayajaandikwa katika mwongozo wowote wa ujenzi niliowahi kuusoma.

Tuna bahati ya mawe mengine. Kando ya mto Athi, upande wa Kitui, umelala uwanda wa Yatta, ulimi wa lava wenye urefu unaokaribia kilomita 300, miongoni mwa mirefu kabisa duniani. Lava hiyo ni ya aina ya fonolaiti, ambayo haina kwatsi. Upande wa pili, kusini mwa Makueni, vilima vya Chyulu vimemwaga basalti hadi Kibwezi na Mtito Andei, mawe meusi yenye vitundu ambayo wakulima huko huyaondoa shambani kwa laana. Mawe haya yalizaliwa na moto. Ya vitundu yanaweza kukatwa na fundi wa kawaida, hayana hatari ile ya kwatsi, na yanahifadhi joto. Ukitaka fremu ya meko nyeusi iliyo tulivu kama sleti ya Wales, hapo ndipo pa kuanzia, wala hakuna haja ya kontena kutoka Uingereza. Anayetaka jiwe linaloshika joto usiku kucha ana mawe ya sabuni ya Tabaka, Kisii. Wafini hujengea majiko ya nyumba zao jiwe la jamii hiyo. Mawe ya Mazeras kutoka pwani, ambayo mafundi wa Nairobi hubandika kila ukuta, ni ya mchanga. Yanafaa kuta za nje. Mbele ya moto ningeyaweka mbali na mwali.

Kuna utajiri mwingine ambao hautajwi. Karibu na Mtito Andei, kwenye kilima cha Kinyiki, kuna vamikulaiti, madini yanayovimba yakipashwa moto na kuwa mepesi, yenye kuzuia joto lisipite. Mapema katika miaka ya 1980, wabunifu na mafundi wa jua kali wa Nairobi walipochukua umbo la jiko la ndoo la Thailand na kulifanya la Kenya, walihitaji kitu cha kushikanisha chungu cha udongo na gamba la bati. Walitumia saruji iliyochanganywa na vamikulaiti. Jiko hilo lenye kiuno chembamba sasa lipo katika nyumba zisizohesabika za Afrika Mashariki, na lilipunguza makaa yanayotumika kwa theluthi hadi nusu. Ni mojawapo ya ubunifu bora uliowahi kutoka nchini mwetu. Lakini ni jiko la kubebwa. Linahama na mpangaji, halina ukuta wala dohani, na lilibuniwa kwa mji unaonunua makaa.

Lililowakaribia zaidi watu wa mashambani ni jiko kisasa, lililoenezwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake pamoja na shirika la Wajerumani la GTZ. Hili ni chungu cha mfinyanzi kinachofukiwa jikoni na kuzungushiwa mawe na udongo. Tazama vizuri: huo mzingo wa mawe na udongo, unaolainishwa kwa mkono na kusiribwa majivu au udongo mwekundu, ndio fremu ya meko ya Ukambani. Wengine huutengenezea rafu ya kukaushia kuni, wengine huuchora. Ukiingia katika jiko la namna hiyo lililotunzwa huna budi kukiri kwamba mwenye nyumba anajali uzuri wa mahali pake pa kazi, hata kama wageni hawatafika humo kamwe. Kasoro ni kwamba aliyebuni chungu hakupewa kazi ya kubuni chumba. Moshi ulipungua lakini ulibaki ndani.

Majirani zetu wa Kajiado walijaribu kitu ambacho Makueni ingekichukua kwa mikono miwili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilikaa na kina mama wa Kimaasai na wa magharibi mwa Kenya wakatafuta njia za kuutoa moshi. Walipanua madirisha, wakaacha nafasi chini ya paa, na wakatengeneza kofia ya bati juu ya meko inayoongoza moshi hadi nje. Moshi ndani ya nyumba zilizokuwa na kofia ulipungua sana. Kofia hiyo ni dohani kwa jina jingine, iliyoundwa na mhunzi wa soko la karibu. Waswahili wa Lamu walikuwa na jibu lao la karne nyingi: jiko liliwekwa juu kabisa, darini, moshi ukaondoka na upepo wa bahari bila kumsumbua aliye chini. Kila jamii iliyojenga kwa kudumu imelazimika kuamua moshi uelekee wapi. Sisi tulijenga kwa kudumu tukauacha uamuzi huo kwa kibanda.

Watetezi wa gesi watasema swali hili limepitwa na wakati. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye gesi ya kupikia Julai 2021 ilipunguzwa mwaka uliofuata na kuondolewa mwaka 2023. Mitungi midogo inauzwa hadi Kyuso. Naunga mkono yote hayo. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya za Kenya zilipika kwa kuni, na katika kaunti kavu za mashambani kiwango kiko juu ya wastani huo. Sababu imo chunguni. Isyo ya mahindi makavu na maharagwe au mbaazi huchemka kwa saa nyingi. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, nao unataka moto wa muda mrefu. Kupika sufuria kubwa ya muthokoi kwa mtungi wa kilo sita ni kuangalia pesa zikiondoka kwa sauti ya mluzi. Ndiyo maana nyumba yenye gesi hupika chai na mayai ndani, na chakula chenyewe nje. Gesi iliongezwa, kuni hazikuondoka. Anayepanga sera akidhani kila mtungi unaouzwa umezima mafiga matatu anapanga kwa ajili ya nyumba isiyokuwapo.

Wala kuni zenyewe hazijaisha kama ilivyotabiriwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao wa Machakos ya zamani, ambayo ilijumuisha Makueni hadi wilaya hiyo ilipoanzishwa mwaka 1992, walionyesha katika kitabu chao cha 1994 kwamba uhaba mkubwa wa kuni uliohofiwa haukutokea. Wakulima walipanda miti kwenye matuta na mipaka, wakakata matawi ya ua, wakaokota yaliyokauka. Mama anayepika kwa matawi ya shambani mwake si adui wa msitu. Anayeukata ni soko la makaa. Mwezi wa Januari 2018 gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya kaunti. Lori lilichomwa na uhasama ukafika hadi Limuru. Mwezi uliofuata serikali kuu ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kote nchini. Nilimwelewa Ngilu. Miti kama muuku, iliyochukua miongo kukua katika ardhi isiyopata mvua ya kutosha, ilikuwa ikigeuzwa makaa katika matanuri ya udongo yanayopoteza sehemu kubwa ya mti kama moshi, ili Nairobi ichome nyama. Lakini marufuku hayakumgusa mpishi wa Mutomo au Kathonzweni hata kidogo. Moto wake haukuwa sokoni.

Siku hizi, ukipanda kutoka Salama kuelekea Nunguni, utaona hapa na pale nyumba mpya za waliostaafu kutoka Nairobi zenye dohani kubwa ya mawe sebuleni. Wapo wanaoziona kama majivuno. Mimi nafurahi kuziona. Kilungu kuna baridi ya kweli, na mzee anayekaa mbele ya moto na wajukuu zake amerudisha ndani sehemu ya thome. Kinachonisikitisha ni kilicho nyuma ya nyumba hizo hizo: kibanda kile kile cha mabati. Fundi aliyejua kujenga dohani alikuwa pale, mawe yalikuwa pale, saruji ilibaki. Dohani moja ilijengwa kwa ajili ya moto utakaowashwa wiki chache kwa mwaka, na moto unaowaka kila siku ya Mungu haukujengewa kitu.

Ningependa kuona mpango ukigeuzwa. Jiko la kuni liingie kwenye ramani tangu siku ya kwanza, na ofisi ya kaunti inayopitisha ramani iulize lilipo kama inavyouliza choo kilipo. Liwe chumba cha matofali kilichounganishwa na nyumba kwa veranda, chenye meko yaliyoinuliwa hadi kiunoni ili mpishi asiiname, kuta za nyuma ya moto zikiwa za basalti au fonolaiti badala ya saruji inayobanduka, tabaka la vamikulaiti katikati, na bamba pana la jiwe mbele kwa ajili ya makaa yanayoanguka. Juu ya meko pawe na rafu ya kukaushia mahindi na mbegu, mahali joto linapofika na moshi usipopita. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kufundisha ujenzi wa dohani kama vinavyofundisha kupaka rangi. Uzuri wa mahali hapo uachiwe mwenyewe. Aliyesiriba udongo kwa kiganja chake miaka yote atajua jiwe lipi likae mbele.

Kikwazo kimoja cha kweli ni maji, na wabunifu wa mijini hukisahau. Ukambani paa ni kisima. Mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba hukusanywa kwa mifereji hadi kwenye matangi, na maji hayo hunywewa hadi miezi ya ukame. Dohani ikitoboa paa kuu, masizi yataangukia mabati na kuingia tangini; wapo waliokataa dohani kwa sababu hiyo tu, na walikuwa sahihi. Kwa hiyo paa la jiko liwe peke yake, chini ya lile kubwa, lisiunganishwe na mfereji wa tangi. Pepo zetu nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo jiko likae upande wa magharibi wa nyumba. Dohani isiishie chini ya kipeo cha paa, kwa kuwa upepo wa Julai utaurudisha moshi ndani: ipandishwe angalau sentimita 60 juu ya kipeo, iwekewe kofia ya kuzuia mvua, na iachiwe mlango mdogo chini wa kutolea masizi kila baada ya mavuno.